Ukishinda kwa Eddy, umeshinda au umeiba?

KAMA umewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha gemu, hela yako mkononi ukingoja zamu, jina la Eddy Gordo si geni masikioni mwako. Ni yule Mbrazili wa Tekken 3 mwenye mateke ya kapoera, anayezunguka chini kama pia, huku wewe uliyejifunza mapigo yako wiki nzima ukibaki umeduwaa.

Kinachouma siyo kupigwa. Kinachouma ni kupigwa na dogo ambaye hata hajui anabonyeza nini. Anafinyafinya vitufe viwili vya mateke, mdomo wazi, macho kwenye televisheni, na wewe ndiye unayeinuka kumpisha mwingine.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Huyu anafoka kwamba Eddy haruhusiwi hapa, yule anajibu kwani walimtengeneza wa nini. Mwenye kibanda naye anaingilia, maana anachojali yeye ni pedi zisivunjwe na hela ya mchezo unaofuata ilipwe.

Sasa mpenzi msomaji, usije ukadhani kesi hii ni ya watoto wa mitaani kwetu peke yao. Kesi hiyohiyo inasikilizwa Las Vegas na Tokyo mbele ya umati wa watu, na mezani kuna fedha ambazo mimi na wewe tukizipata tunaacha kazi siku hiyohiyo. Februari 2024 kijana wa Taiwan anayejulikana kwa jina la UMA alitwaa ubingwa wa Capcom Cup huko Marekani katika Street Fighter 6, akaondoka na dola milioni moja. Siyo shilingi, dola!

Kwa hiyo swali la nani kachagua mpiganaji mkali kuliko mwenzake si la mzaha tena. Ni suala la ugali.

NDONDI ZINA MIZANI, GEMU JE?

Tuanze na chanzo. Ukicheza drafti, wewe una kete 12 na mwenzako ana 12. Mpira ni 11 kwa 11. Kwenye ndondi mabondia wanapimwa uzito kabla ya pambano, ili mtu wa uzito wa juu asije akamvunja taya wa uzito wa unyoya. Kila mchezo una namna yake ya kuhakikisha watu wanaanza sawa.

Gemu za ngumi zimeukataa utaratibu huo makusudi. Street Fighter II ilipotolewa na kampuni ya Capcom ya Japan mwaka 1991, ilikuletea watu wanane wa kuchagua. Ukiwaacha Ryu na Ken, waliokuwa kama mapacha, hakuna aliyefanana na mwenzake.

Zangief, pande la mtu kutoka Urusi, lazima akukamate ndipo akuponde. Dhalsim wa India mikono na miguu yake inarefuka kama mpira wa manati, anakupiga akiwa mbali kabisa. Guile, mwanajeshi wa Marekani, anajikunyata kona yake na kurusha Sonic Boom. Ukilikwepa kwa kuruka, anakupokea juu kwa juu na teke la kupinduka.

Haya, mpeleke Zangief wako kwa Guile au Dhalsim. Atafikaje? Akitembea anakula la uso, akiruka anakula la tumbo. Utamu wa gemu hizi ni kwamba watu ni tofauti, na balaa lake ni hilohilo.

Wakongwe wana lugha yao ya kulieleza jambo hili. Wanasema pambano fulani ni "sita kwa nne" au "saba kwa tatu". Maana yake, wachezaji wawili wenye uwezo sawasawa wakicheza mara kumi, mmoja atashinda saba kwa sababu tu ya mtu aliyemchagua. Sita kwa nne inavumilika. Saba kwa tatu inauma. Zaidi ya hapo we acha tu, ni kwenda kuzikwa.

Wakishamaliza hesabu zao wanawapanga wapiganaji kwa madaraja kama ligi. Juu wanakaa wababe, chini wanakaa wale ambao ukiwachagua watu wanakuonea huruma. Katika Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 kulikuwa na wapiganaji 56. Hamsini na sita! Lakini kwenye mashindano makubwa ulikuwa ukiona sura zilezile: Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Waliobaki wengi walikuwa mapambo.

Na tofauti yenyewe huwa ndogo mno. Gemu hizi huenda kwa picha 60 kila sekunde. Katika Tekken, ngumi ya haraka ya kawaida huchukua picha 10 kumfikia mtu. Ukirusha teke kubwa likazuiwa, kisha ukachelewa picha 10 kurudi kwenye kujikinga, mwenzako anakuadhibu. Ukichelewa tisa, umepona, ngumi hiyo haikupati. Picha moja tu, yaani sehemu moja ya 60 ya sekunde, inaweza kulitenganisha pigo la halali na pigo la uonevu. Fundi akiteleza hapo kidogo, kasheshe dunia nzima.

WALIOFUNGIWA

Nikupe mifano ya waliowahi kukutwa na rungu.

Mwaka 1994 Capcom ilitoa Super Street Fighter II Turbo, na ndani yake ikamficha mtu mmoja aitwaye Akuma. Sura yake haikuwekwa wazi mahali pa kuchagua, ilibidi ujue mbinu ya siri ya kumtoa. Jamaa huyo anarusha moto akiwa hewani, unashuka kwa mteremko, na wapiganaji wengi hawana njia ya kumsogelea. Hapo ubishi haukuwa mrefu. Waandaaji walimfungia, na hata sasa, zaidi ya miaka 30 baadaye, gemu hiyo ikichezwa kwa ushindani Akuma anakaa nje.

Japan kulikuwa na jambo la kuvutia zaidi. Katika gemu hiyohiyo alikuwemo Sagat wa toleo la zamani, mkali, lakini si wa kutisha kama Akuma. Wachezaji wakubwa waliona tu si uungwana kumchagua, basi, wakamwacha bila kumpigia mtu kelele. Sheria ya aibu hiyo, na aibu wakati mwingine ina nguvu kuliko karatasi.

Kwa wenzetu wa Super Smash Bros. mambo hayakwenda kiungwana hivyo. Katika toleo la Brawl la mwaka 2008 kulikuwa na kijitu cha mviringo, chenye barakoa na upanga, kinaitwa Meta Knight. Kidogo, lakini kiboko. Watu walibishana miaka mitatu mizima. Mwaka 2011 kamati ya waandaaji huko Marekani ikatangaza kumfungia. Mashindano mengine yakatii, mengine yakagoma, na vijana waliotumia miaka yote hiyo kumjua Meta Knight nje ndani wakajikuta wanashika mtu mgeni kama wanaoanza darasa la kwanza.

Juzijuzi tena ikawa zamu ya Steve wa Minecraft, aliyeingizwa katika toleo la Ultimate Oktoba 2020. Huyu anachimba madini katikati ya ugomvi, anatengeneza silaha, anajenga vizuizi hewani! Kijana wa Japan anayejiita acola alimtumia hadi akafika kileleni. Kuanzia mwaka 2022 baadhi ya mashindano ya mikoani Marekani yakamfungia na mengine yakamwacha. Kwa hiyo mchezaji aliweza kuwa halali Jumamosi katika mji huu, na Jumapili akawa haramu katika mji wa pili.

Hebu jiweke kwenye viatu vya kijana huyo. Umelipa nauli yako, umelipa kiingilio, halafu unaambiwa mtu wako haruhusiwi. Ni kama fundi seremala aitwe kazini kisha aambiwe randa aiache nyumbani.

SIKU BINGWA ALIPOZOMEWA

Kisa kilichonigusa kuliko vyote ni cha Agosti 2018, Las Vegas, kwenye mashindano ya EVO ambayo kwa gemu za ngumi ndiyo kama Kombe la Dunia.

Fainali ya Smash ilikuwa Bayonetta kwa Bayonetta. Mwanamke huyo mwenye miwani na bastola alikuwa anaogopwa vibaya, kwa sababu akikudaka mara moja anakubeba hewani pigo baada ya pigo, na wewe pedi mkononi unabaki mtazamaji kama wengine. Mashabiki walikuwa wamemchoka. Vijana wawili walipofika fainali, wote na yeye, ukumbi ukaanza kuzomea na baadhi ya watu wakatoka nje.

Fikiria. Umejifungia chumbani miaka, umewapiga mamia ya watu, umefika siku uliyoiota, na badala ya makofi unapata "uuuu!". Kosa lako nini? Umemchagua mtu ambaye kampuni yenyewe imemweka humo na waandaaji wamemruhusu.

Na kinachochekesha ni kwamba Bayonetta aliingizwa kwenye gemu hiyo baada ya Nintendo kuwaomba mashabiki wapige kura, na huko Ulaya ndiye aliyeongoza. Walimchagua wenyewe, wakamzomea wenyewe. Kama mbunge vile!

Haya, upande wa pili nao una hoja. Januari 2020 huko Chiba, Japan, kulifanyika EVO Japan. Mwezi mmoja kabla, Tekken 7 ilikuwa imempokea Leroy Smith, mzee wa New York mwenye kujua Wing Chun. Mzee alikuwa anapiga sana, anadaka mapigo ya watu, na adhabu zilikuwa hazimpati kirahisi. Matokeo yake, kati ya wachezaji wanane waliofika hatua ya mwisho, sita walikuwa na Leroy. Ubingwa ukaenda kwa Book wa Thailand, naye akiwa na Leroy. Haikuchukua muda watengenezaji wakampunguza makali.

Wachezaji sita kati ya wanane na mzee mmoja mwenye umri wa mwezi mmoja kwenye gemu! Hapo ukisema watu wanalialia tu, unamwonea mtu aliyelipia tiketi.

"JIFUNZE, ACHA KULIA"

Lakini wapo wasiotaka kusikia habari za kufungia wala kupunguza. Kauli yao ni fupi: jifunze, acha kulia.

Na ushahidi wanao. Turudi kwa Eddy wetu. Waliobobea kwenye Tekken 3 hawakuwahi kumwogopa kivile. Wanajua teke lipi ni la chini, wanachuchumaa kulizuia, kisha wanamshindilia kabla hajainuka. Anayemlilia Eddy mara nyingi ni yule ambaye hajajua kuchuchumaa.

Wanao pia ushahidi wa mwaka 2004 kule California, kwenye EVO ya Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japan, akiwa na Ken, alikuwa amebakiwa na uhai kama uzi, kiasi kwamba hata pigo la kuzuiwa lingemmaliza. Justin Wong wa Marekani, akiwa na Chun-Li aliye katika daraja la juu kabisa, akaachia shambulio la mateke 15 mfululizo. Daigo akayapangua yote 15, moja baada ya jingine, kila moja kwa kusukuma mkono wa kuongozea kwa wakati wake barabara, kisha akamgeuzia kibao na kumtoa. Ukumbi ulilipuka. Kweli, Ken naye hakuwa mnyonge, na Daigo ubingwa wenyewe hakuuchukua. Lakini somo lilibaki: pigo la kutisha lina jibu kama kuna mtu aliyekesha akilitafuta.

Mwaka 2013 Xian wa Singapore alitwaa EVO ya Street Fighter IV akiwa na Gen, mzee mgumu kumtumia ambaye wachache walithubutu kumshika. Mwaka uliofuata Luffy wa Ufaransa akatwaa kwa Rose, mpiga ramli asiyehesabiwa miongoni mwa wababe, tena mkononi akiwa na pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa. Watu na mashine zao za bei mbaya wakabaki kushangaa.

Na kama hujashiba, sikia hii. Super Smash Bros. Melee ilitoka mwaka 2001 kwenye diski, na miaka yote ya ushindani hakuna fundi aliyerudi kuifanyia matengenezo. Yoshi, yule mjusi wa kijani, alihesabiwa dhaifu kwa miaka mingi. Mjapani mmoja aitwaye aMSa akamng'ang'ania tu. Oktoba 2022 akashinda The Big House, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gemu hiyo, akiwa na Yoshi huyohuyo. Zaidi ya miaka 20 baada ya gemu kutoka!

Hapo ndipo kwenye uzito wa hoja. Kama mwaka 2005 mtu angesema Yoshi hafai na orodha ikafungwa, au kampuni ikambadilisha awe mtu mwingine, dunia isingejua kilichokuwa kimelala ndani yake.

Wala orodha hizo hazimpimi mchezaji mwenyewe. Februari 2019 kijana Arslan Ash kutoka Lahore, Pakistan, nchi ambayo hakuna aliyekuwa anaihesabu kwenye Tekken, alikwenda Japan akawashinda wote kwenye EVO Japan. Agosti akaenda Las Vegas, akamfunga gwiji wa Korea Kusini, Knee, katika fainali. Lahore kuna kumbi za gemu ambako vijana walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe miaka nenda rudi bila ulimwengu kujua. Ninyi mnaokaa kwenye mabenchi ya vibanda, someni hapo mara mbili.

FUNDI ASIYETUA NYUNDO

Zamani gemu ikitoka imetoka. Capcom ilipotaka kurekebisha Street Fighter II ilibidi itoe toleo jingine: Champion Edition mwaka 1992, halafu Hyper Fighting mwaka huohuo, halafu Super mwaka 1993, halafu Turbo yake mwaka 1994. Kila mara mwenye ukumbi aingie mfukoni.

Siku hizi marekebisho yanakuja kwa intaneti usiku umelala. Unaamka asubuhi, lile pigo ulilolifanyia mazoezi miezi sita limepunguzwa makali au limeondolewa kabisa.

Aprili 2025 Tekken 8 ilifanyiwa marekebisho makubwa ya msimu wa pili. Mashabiki walikuwa wameomba kujikinga kupewe thamani zaidi. Walivyoona wao, walicholetewa ni mashambulizi zaidi. Zikamiminika lawama, wataalamu wakalalamika hadharani, na kampuni ya Bandai Namco ikalazimika kutoa marekebisho mengine ya haraka kuyarekebisha yale ya kwanza.

Sisemi fundi asiguse. Leroy ilibidi aguswe. Ila ujuzi wa mchezaji ni mali yake, ameupata kwa jasho na usingizi wake. Ukimnyang'anya kila msimu, atauliza kuna haja gani ya kujifunza kwa kina ikiwa kisima kitafukiwa kesho.

MIE NASEMAJE?

Kwa maoni yangu, kabla hujapaza sauti mtu afungiwe, jiulize maswali matatu.

Kwanza, jibu limetafutwa kwa muda gani? Wiki mbili hazitoshi. Miaka mitatu ya Meta Knight, angalau watu walijaribu.

Pili, anashinda mchezaji au anashinda mpiganaji? Bingwa akiwa mmoja siku zote, huenda ni yeye ndiye mkali. Lakini kila anayemshika mtu fulani akipanda hata kama jana alikuwa mbovu, hapo kuna jambo.

Tatu, wengine bado wanacheza? Marvel vs. Capcom 2 haikuwa na usawa hata kidogo, lakini pale juu wababe walikuwa wanapigana kwa kasi na ufundi wa ajabu, na watu wameipenda hadi Capcom ikaitoa tena mwaka 2024. Akuma wa 1994 ni tofauti, akiruhusiwa yeye, kilichobaki ni Akuma kwa Akuma. Gemu inayowafukuza watu wote isipokuwa mmoja imeshakufa, hata kama mashine bado inawaka.

Na jambo la mwisho, nalisema bila kuuma maneno. Mchezaji asizomewe. Kama mpiganaji amezidi, fundi aliyemtengeneza yupo na mwandaaji aliyemruhusu yupo. Kijana aliyeketi kwenye kiti ametumia alichopewa. Ukimzomea yeye, unamwadhibu dereva kwa sababu ya ubovu wa barabara.

Nanyi mnaoandaa vijishindano vyenu vya wikiendi huko mitaani, vya kuchangishana hela mshindi achukue, nawasihi mkubaliane mapema. Kama Eddy hatakiwi, semeni kabla mtu hajatoa mia yake mfukoni. Mkishampokea fedha yake mkanyamaza, akiwachapa wote kwa Eddy mpeni chake aondoke, tena mpigieni makofi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.